Pombe Kali Haitaki Haraka

NDUGU msomaji, wewe ukaaye mjini umezoea pombe iliyokwisha kufanywa. Unaiona chupani, imepoa, na bei yake inajulikana. Ilikaa siku ngapi kabla ya kukufikia, na nani aliyeilinda katika siku hizo, si jambo linalokusumbua. Katika Nyabiyonza, upande wa Karagwe mkoani Kagera, mambo ni kinyume. Huko pombe huanza kuonekana ikiwa bado ni mkungu mgombani. Watoto huibeba, vijana huikamua, wazee huisikiliza, na nyumba nzima huingojea.

Leo ningependa tuzungumze juu ya kungojea huko, na hasa kuingojea pombe ya nyumbani iliyo kali. Pombe nyepesi huweza kuchacha kwa usiku mmoja na kunywewa kesho yake. Iliyo kali huenda polepole mno, hata mtu mwenye haraka akadhani imekufa. Hapo ndipo hasara huanza.

Isidhaniwe kwamba nakuja kusifu ulevi katika ukurasa unaosomwa na baba, mama na watoto wao. La hasha. Lakini pombe imo katika posa zetu, katika matanga yetu na katika mapato ya nyumba zetu, kuinyamazia hakuiondoi. Tena ugomvi mwingi, hasara nyingi, na hata vifo vimeletwa na watu waliotaka ukali bila kutoa muda. Yafaa basi tuelewe kinachotendeka ndani ya chombo, ili tujue kwa nini haraka haifai.

TANGU MKUNGU HADI MTUMBWI

Rubisi, kwa wasioijua, ni pombe ya ndizi na mtama. Ndugu zake wa karibu ni tonto ya Uganda na urwagwa ya Rwanda. Binamu yake wa mbali ni mbege ya Kilimanjaro, ambayo ndizi zake hupikwa motoni kwanza, na ulezi hushika mahali pa mtama.

Migomba iliyozunguka nyumba zetu haifanani. Iko ya ndizi za kupika, ambazo ndizo chakula cha kila siku. Iko ya ndizi za kuchoma. Na iko ya ndizi za pombe, tunazoziita embiire. Embiire ikiwa mbichi ina ukakasi unaokunja ulimi, wala hakuna mama atakayeichagua kwa mlo wa jioni akiwa na nyingine. Lakini ikiiva, utamu wake hauna mfano.

Mikungu ikikomaa hukatwa na kuvundikwa. Huchimbwa shimo, likatandikwa majani makavu ya mgomba na kupashwa moto. Ndizi hupangwa ndani, zikafunikwa kwa majani na udongo, zikaachwa siku nne hadi sita. Katika siku hizo wanga uliomo katika ndizi hugeuka kuwa sukari. Nakuomba uliweke jambo hili moyoni, msomaji, maana kungojea kwa kwanza ni huku, na wengi hawakuhesabu. Ndizi iliyofukuliwa kabla ya siku zake ina wanga ambao haujageuka, na wanga huo hautakuwa kileo hata ukingojewa mwezi mzima.

Zikifukuliwa, ndizi humenywa na kutiwa katika mtumbwi. Huu ni gogo lililochongwa tumbo kama chombo cha wavuvi, na kwa lugha yetu jina lake ni lile lile la chombo cha majini. Humo hukandwa kwa miguu au kwa mikono pamoja na nyasi ngumu, ambazo hushika nyama ya ndizi na kuiachia juisi itoke safi. Kwa desturi ya kwetu kazi hii ni ya wanaume. Juisi ikichujwa bado si pombe; ni kinywaji kitamu tu, na watoto hupewa vikombe vyao bila hofu.

Hapo ndipo mwenye mtumbwi huamua atakuwa na pombe ya namna gani. Akitia maji mengi atapata pombe nyingi, nyepesi, ya kunywewa kesho. Akitia maji kidogo, au asitie kabisa, atapata pombe chache, kali, na itakayomweka macho. Kisha hunyunyiza mtama uliokaangwa na kusagwa, hukoroga, na kufunika mtumbwi kwa majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, ili joto lisitoroke.

KINACHOFANYA KAZI GIZANI

Katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu ya sababu ya kuchacha. Wako waliodai kwamba ni kuoza tu kama kuozea kwa kitu kingine chochote. Kati ya mwaka 1857 na 1860 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba ni kazi ya viumbe hai, vidogo hata jicho lisivione. Katika pombe, viumbe hao ni chachu. Wazee wetu hawakuwa na hadubini, lakini hawakuosha mtumbwi wao mpaka ukawa mweupe. Katika nyufa za gogo lililokwisha kutumika mara nyingi hubaki chachu ya pombe iliyopita, nayo huiamsha ya leo. Chachu nyingine huja na maganda ya ndizi zenyewe.

Kazi ya chachu ni kula sukari. Katika kila gramu 100 za sukari inayoliwa, karibu nusu hutoka ikiwa kileo, na karibu nusu hutoka ikiwa hewa ile inayoinua povu. Sasa tufanye hesabu kidogo. Juisi yenye gramu 160 za sukari katika kila lita, ikichacha mpaka sukari yote ikaisha, yaweza kufikia kileo cha kama asilimia 10. Juisi hiyo hiyo ikitiwa maji kiasi sawa nayo, haiwezi kupita kama asilimia 5, hata ikilindwa na malaika.

Kwa hiyo ukali huwekwa mtumbwini siku ya kwanza, kwa kiasi cha ndizi na kiasi cha maji. Muda hauongezi ukali usiokuwemo. Kazi yake ni kuutoa uliomo. Lakini bila muda hautoki. Mtu anayekunywa rubisi nzito siku yake ya kwanza anakunywa sukari nyingi na kileo kidogo, na sehemu kubwa ya ndizi zake anaimeza ikiwa bado haijafanya kazi aliyoitakia.

KWA NINI ILIYO KALI HUCHELEWA

Mtu angeweza kusema: kama chakula cha chachu ni sukari, basi penye sukari nyingi kazi ingekwenda mbio zaidi. Sivyo. Ziko sababu nne.

Ya kwanza ni sukari yenyewe. Mama anayekausha samaki kwa chumvi anajua kwamba chumvi huvuta maji kutoka katika nyama. Sukari nyingi huifanyia chachu vivyo hivyo: huvuta maji kutoka mwilini mwake, ikadhoofika kabla hata haijaanza kazi.

Ya pili ni kileo. Chachu huumizwa na kazi yake mwenyewe. Kileo kinachotufurahisha sisi ni sumu kwake, na kadiri kinavyozidi chomboni ndivyo inavyolegea. Katika pombe nyepesi sukari huisha kabla sumu haijazidi. Katika pombe kali kazi ya mwisho hufanywa na chachu iliyochoka, katikati ya kitu kinachoiumiza.

Ya tatu ni lishe. Mtoto hakui kwa ugali mtupu, na chachu haikui kwa sukari tupu. Inahitaji protini na madini, na hapa mtama ndio mboga yake. Aidha inahitaji hewa safi siku ile ya kwanza ili iongezeke. Ndiyo maana juisi hukorogwa sana kabla ya kufunikwa, na baada ya hapo haikorogwi ovyo.

Ya nne ni baridi. Karagwe ni nchi ya vilima, na sehemu zake nyingi ziko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Chachu ya pombe hii hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya nyuzi 20 huanza kutembea badala ya kukimbia. Usiku wa mwezi wa Julai, mtu anapolala na blanketi mbili, chachu nayo hujikunyata.

Basi ona picha yake. Siku ya kwanza povu hupanda hata likainua majani. Siku ya pili hushuka. Siku ya tatu uso wa pombe hutulia kama maji ya kisima, na mgeni asiyejua husema imekwisha, au imekufa. Lakini mzee hutega sikio. Husikia mnong'ono mwembamba, kama wa mvua inayoanyesha mbali. Huonja tone moja, naye hupima: utamu bado upo, kwa hiyo kazi bado ipo. Ingekuwa imekufa, mnong'ono usingekuwapo; na ingekuwa imeharibika, harufu ya siki ingemtangulia puani.

POSA ILIYONGOJA MTUMBWI

Miaka michache iliyopita mdogo wangu alikuwa anaoa. Kwa desturi yetu hakuna posa bila pombe, na pombe ya wakwe haiwi maji maji. Baba yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyetulea, alichukua jukumu la mtumbwi. Ulikuwa mwezi wa Julai. Alikata embiire zote zilizokuwa tayari, akavundika, akakamua siku ya Jumatano, na maji hakutia ila kibuyu kimoja cha kusuuzia nyasi. Wageni walikuwa wanangojewa siku ya Jumamosi.

Ijumaa usiku alifunua upembe wa majani, akaonja, akafunika tena bila kusema neno. Sote tulielewa. Pombe ilikuwa tamu bado.

Vijana walikaa shauri nje ya nyumba. Mmoja alisema zinunuliwe kilo tano za sukari zitiwe mara moja, ili pombe ipate nguvu. Wa pili alisema itiwe hamira ya mikate katika maji ya moto, ili ichemke upesi. Wa tatu alisema kuna mtu bondeni mwenye gongo. Madumu mawili tu yakichanganywa humo, hakuna mkwe atakayejua tofauti. Maneno hayo yalifikishwa kwa Baba Mkubwa kwa heshima zote, maana kwetu kijana hamkatizi mzee.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema: "Wanangu, mtu aliyechoka kwa mzigo hamwongezi mzigo. Mtu mnayetaka aamke hammwagii maji ya moto. Na nguvu ya gongo ni nguvu ya kuazima. Mimi niliahidi pombe ya ndizi zangu."

Akaamuru mambo matatu. Sehemu ya pombe ihamishiwe katika mitungi na kuwekwa karibu na meko jikoni, na mtumbwi uongezewe majani. Kijana mmoja aende kwa jirani, ambaye pombe yake ilikuwa katikati ya kuchemka, akaombe vibuyu viwili vya machicha yaliyo hai. Na mshenga apande pikipiki alfajiri, akawaombe radhi wakwe, akawaambie kwamba tutafika Jumanne.

Msomaji, usilichukue jambo hili kwa wepesi. Kuahirisha posa ni aibu. Wako ndugu zetu waliosema wazi kwamba mzee anaivunja ndoa kwa sababu ya ndizi. Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kutayarisha chakula cha watu wengi, naye alinyamaza kimya kilichokuwa kizito kuliko maneno. Mdogo wangu hakulala. Kama wakwe wangekasirika na kurudisha maneno, sijui tungesema nini.

Mshenga alirudi adhuhuri. Jibu la baba wa binti lilikuwa fupi: mwambieni mwenzangu kwamba sisi tunangojea pombe, juisi tunayo hapa nyumbani.

Jumatatu jioni utamu ulikuwa umekwisha kabisa, na mahali pake palikuwa na ukavu safi unaopanda kooni taratibu. Jumanne pombe ilifika kwa wakwe katika madumu ambayo vifuniko vyake vililegezwa kwa makusudi. Mzee mmoja wa upande wao alivuta kwa mrija, akakaa kidogo, akavuta tena. Hakusifu ukali. Aliuliza hivi: "Mtama huu ni wa shamba la nani?"

NJIA ZA MKATO

Wale vijana hawakuwa wajinga; walisema yale yanayosemwa katika nyumba nyingi. Kwa hiyo yafaa tuyapime mashauri yao moja moja.

Sukari ya dukani huweza kuongeza kileo, lakini ikitiwa mwanzoni, na kwa kiasi. Ikitiwa katika pombe iliyokwisha kuchoka huwa ni kuongeza ile ile sababu iliyoichosha. Matokeo yake ni pombe tamu isiyokwisha kuchacha, ambayo mnywaji huinywa nyingi akidhani ni nyepesi, kisha humpiga kichwa akiwa njiani.

Maji ya moto huua chachu. Joto likizidi nyuzi 45 hivi chachu nyingi hufa, na pombe ambayo ilikuwa inakwenda polepole husimama kweli kweli. Wakati huo vijidudu vya siki havina wa kuvizuia. Kama chombo kimepoa, kipeleke penye joto la kadiri, nalo liongezeke pole pole. Kama chachu imechoka, kitie chachu iliyo macho kutoka katika pombe nyingine inayoendelea kuchemka. Hiyo ndiyo dawa ya wazee, na mafundi wa viwanda vikubwa hufanya vivyo hivyo wakiwa na mapipa yao ya chuma.

Ama gongo, hiyo ni habari nyingine kabisa. Ikitiwa katika pombe inayochacha huizimisha chachu mara moja, kwa kuwa ni kuimwagia sumu iliyokuwa inajitahidi kuistahimili. Na kuna ubaya ulio mkubwa zaidi. Mwaka 1966 nchi yetu ilitunga sheria maalumu juu ya utengenezaji wa moshi, na haikuitunga kwa kuwaonea watu wa vijijini. Anayenunua dumu la gongo bondeni hajui ndani yake mna nini. Wafanyabiashara wasio na huruma huchanganya methanoli, kileo cha viwandani kisicho cha kunywewa, nacho hupofusha macho na kuua. Mwezi wa Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2010 yalitokea mengine Kabale, nchini Uganda, ambako si mbali na kwetu. Makumi ya watu walikufa. Kila mmoja wao alikuwa na nyumba iliyomngojea arudi.

Hata mjini tumeyaona ya ukali wa haraka. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wengi walinung'unika. Lakini mzazi aliyekuwa akiokota vipakiti vile katika mfuko wa sare ya mwanawe hakunung'unika. Kiroba kilikuwa na ukali bila kungoja, bila kuketi, bila mzee wa kusema imetosha.

Neno moja zaidi kwa wasafirishaji. Pombe kali inayochacha polepole inaendelea kutoa hewa hata uso wake ukiwa umetulia. Ukiifunga katika dumu au chupa na kukaza kifuniko, hewa hiyo haina pa kwenda. Dumu huvimba, chupa hupasuka, na vipande vya kioo havichagui mtoto wala mkubwa. Legeza kifuniko, wala usiiweke karibu na mahali walalapo watoto.

MTAMA WA NANI?

Turudi katika swali la yule mzee, kwa maana halikuwa swali la mdomo tu. Kwa desturi, embiire ni mali ya mume, na fedha ya pombe huingia mfukoni mwake. Lakini mtama ule ulilimwa na Mama Mkubwa. Yeye ndiye aliyeupanda, akaulinda na ndege, akauvuna, akaukaanga na kuusaga. Bila mtama wake chachu ingekosa lishe, na pombe ya ndizi tupu bila maji, katika baridi ya Julai, isingefika mwisho hata kwa wiki mbili. Kuni zilizopasha mitungi ya jikoni pia alizileta yeye.

Baada ya posa, pombe iliyobaki iliuzwa pale pale kijijini. Jioni Baba Mkubwa alihesabu fedha mbele ya watu wa nyumbani, akaigawa mafungu mawili, akamkabidhi mkewe moja. Alisema neno moja tu: "Hili ni la mtama." Kwa wengine huenda hili likaonekana dogo. Mimi najua nyumba nyingi, za kijijini na za mjini, ambamo fungu hilo halijawahi kuhesabiwa, na ambamo mume husema "fedha yangu" juu ya kitu kilichofanywa na mikono minne.

Na fedha yenyewe imekuwa ngumu kuliko zamani. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006. Aina za ndizi za pombe ni miongoni mwa zinazoshambuliwa sana, maana wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua la mgomba mmoja hadi la mwingine. Wataalamu hufundisha kuukata ule moyo wa mgomba mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kung'oa mgomba ulioambukizwa, na kusafisha panga kwa moto au dawa kabla ya kugusa mgomba mwingine. Anayeyafuata haya huokoa shamba lake. Lakini penye mikungu michache, vishawishi ni vingi: maji yaongezwe, ukali ununuliwe dukani, siku zipunguzwe. Hivyo ndivyo rubisi inavyopoteza jina lake.

UKALI NA KIASI

Pombe iliyongojewa siku sita hainywewi kama maji. Bei yake ya jasho yenyewe humfundisha mtu kiasi. Zamani kibuyu kilizunguka, kila mtu akavuta mrija wake kidogo, na mazungumzo yakawa marefu kuliko kinywaji.

Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe mwezi wa Novemba 1861, akapokewa na mfalme wetu Rumanyika. Katika kitabu cha safari yake aliandika kwamba mfalme huyo aliishi karibu kwa maziwa tu, kwamba pombe ya ndizi aliigusa kwa nadra sana, na kwamba hakuna aliyepata kumwona amelewa. Pombe haikukosekana katika nchi yake. Raia wake, asema Speke, waliinywa kwa pupa. Aliyekuwa na uwezo wa kuipata kila saa ndiye aliyeiacha ipite. Wanaume wa leo wanaojipima uume wao kwa idadi ya chupa wangefanya vema kumkumbuka.

Aidha tusifichane: elimu ya leo imekwenda mbele. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Mama mjamzito asiiguse, mtoto asionjeshwe, na anayeendesha chombo aiache. Kuchacha vizuri hakuondoi kileo. Huondoa udanganyifu tu, ili anayekunywa ajue anakunywa nini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una jamaa anayetengeneza pombe nyumbani, iwe rubisi, mbege au wanzuki ya asali, mpelekee maneno haya. Ukali aupange siku ya kwanza kwa ndizi na maji, asiutafute siku ya mwisho kwa dumu la mtu asiyemjua. Siku za baridi azihesabu mapema, na mwaliko autoe akiwa ameongeza siku mbili juu ya zile anazodhani. Uso wa pombe ukitulia, asikilize na kuonja kabla ya kuhukumu. Utamu ukiwapo na mnongʼono ukiwapo, aiache. Ikinuka siki, akubali hasara, asiwauzie watu.

Nawe unayenunua, uliza. Muulize muuzaji pombe hii ilikamuliwa lini, na ndani yake mmetiwa nini. Muuzaji mwaminifu atakujibu siku na saa, pengine na jina la mwenye mtama. Asiyeweza kujibu, mwachie pombe yake, chukua fedha zako, nenda nazo nyumbani.